4S au 6S, analogi au dijitali: kuoanisha vipuri vya droni ya kwanza ya mashindano

Anayejiundia droni ya mashindano kwa mara ya kwanza huumizwa zaidi na vipuri viwili vizuri visivyopatana kuliko kipuri kimoja kibovu. Mota ya KV kubwa (kasi kubwa kwa kila volti) ikikutana na betri ya 6S (ya seli sita), inaungua. Bodi yenye matundu ya milimita 20 haikai kwenye fremu iliyotobolewa kwa 30.5. Antena ya mzunguko wa kulia kwenye droni na ya kushoto kwenye miwani unayotazamia picha yake hukupa picha ya chenga ukiwa mita 50 tu. Kila kimoja kilisifiwa dukani, na sifa zilikuwa za kweli.

Kwa mtu wa Nakuru, Kisumu, Kakamega au Eldoret kuna jambo la pili: duka la vipuri hivi haliko mtaa wa pili. Vingi huagizwa ng'ambo na kusubiriwa kwa wiki kadhaa, au huletwa na basi kutoka Nairobi kwa muuzaji ambaye naye huenda amebaki na kimoja tu. Kwa hiyo ulinganisho huu hautafuti droni yenye kasi kuliko zote. Kila mahali tunauliza maswali mawili: ukikosea hapa utapoteza nini, na je, kuna mtu karibu anayeweza kukuazima kinachofanana na chako?

Tumechukulia droni ya propela za inchi 5. Ndiyo saizi ya kawaida ya mashindano ya nje, vipuri vyake ni vingi, na ina nafasi ya kutosha kwa mkono ambao bado unajifunza solda.

Betri kwanza, mota baadaye

Wengi huanza na mota kwa sababu ndizo zinazopendeza kwenye picha. Anza na betri. Betri za LiPo (lithiamu-polima), ambazo ndizo za droni hizi, huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari kwenye ndege, na wauzaji wengi wa ng'ambo hukataa kuzituma. Mota ya aina yoyote itafika Kisumu. Betri huenda isifike. Mpigie muuzaji aliye nchini, umuulize ana 4S ngapi na 6S ngapi, za ukubwa gani na plagi gani, ndipo uamue KV.

S ni idadi ya seli zilizopangwa mfululizo. Kila seli ina volti 3.7 za kawaida, na 4.2 ikijaa. KV ni mizunguko ya mota kwa dakika kwa kila volti moja, bila propela. Zidisha KV kwa volti za betri iliyojaa, upate kasi ya juu kabisa ya mota. Kwa propela za inchi 5 unalenga mizunguko kama 40,000 hadi 47,000.

| | 4S | 6S |
|---|---|---|
| Volti za kawaida / ikijaa | 14.8 / 16.8 | 22.2 / 25.2 |
| Ukubwa wa betri | mAh 1300–1550 | mAh 1000–1300 |
| KV inayofaa | 2300–2700 | 1700–1950 |
| Mfano wa hesabu | 2450 × 16.8 = 41,160 | 1750 × 25.2 = 44,100 |
| Mkondo ukitumia wati 1,200 | kama ampea 81 | kama ampea 54 |
| Pini za waya wa kusawazisha | 5 | 7 |

Usidanganywe na mAh. Betri ya 4S ya 1500 ina wati-saa 22.2, na 6S ya 1000 ina 22.2 vilevile. Anayenunua 6S "ndogo" hajapunjwa. Tofauti halisi iko kwenye mstari wa mkondo: kwa nguvu ileile, 6S hupitisha ampea chache, kwa hiyo waya na plagi hupata joto dogo na volti hazishuki sana unapofungua throto kutoka kwenye kona. Mwishoni mwa mbio za dakika mbili au tatu, droni ya 4S hulegea kwa namna unayoihisi kidoleni. Ya 6S hulegea kidogo tu.

Lakini hoja iliyotufanya tuchague upande ni nyingine. Chukua mota ya KV 1750 uipe betri ya 4S: 1750 × 16.8 ni 29,400. Droni itaruka polepole, na hakuna kitakachoharibika. Sasa chukua mota ya KV 2450 uipe 6S: 61,740. Mota zitachemka ndani ya sekunde chache za throto kamili, mkondo utapita uwezo wa bodi, na transista moja ikipasuka huenda ikaondoka na mota yake. Kosa la upande mmoja linakupotezea kasi. La upande wa pili linakupotezea pesa na mwezi mzima wa kusubiri.

Kwa hiyo pendekezo letu kwa anayeanza ni mota za KV 1700 hadi 1800 na bodi inayokubali 6S, hata kama betri utakazoanza nazo ni 4S za kuazima. Ukiwa tayari kwa 6S, punguza nguvu ndani ya Betaflight, programu inayoendesha bodi ya droni: weka kikomo cha throto cha aina ya SCALE kwenye asilimia 70, kisha uongeze kidogo kidogo mkono unapozoea. Chagua 4S kikamilifu, yaani KV 2400 na kuendelea, iwapo tu wenzako unaorusha nao wote wana 4S na huna mpango wa kutoka huko. Usiwe na KV 2450 sandukuni pamoja na betri za 6S zenye plagi ileile ya XT60. Siku moja utachomeka isiyofaa; plagi haina namna ya kukuzuia.

Namba ya C iliyoandikwa kwenye betri, yaani mkondo inaodaiwa kuhimili, isome kama tangazo la biashara. Ukilinganisha betri mbili za mAh sawa na seli sawa, ile nzito kidogo kwa kawaida ndiyo inayohimili mkondo.

Chaja nayo lazima ioane. Zipo chaja za bei ndogo zinazoishia seli 4, na hilo hugunduliwa siku betri ya 6S inapofika. Tafuta inayosawazisha hadi seli 6 na inayokubali umeme wa volti 12 moja kwa moja, ili stima ikipotea uchaji kutoka betri ya gari au ya sola. Chaji kwa 1C: betri ya mAh 1100 kwa ampea 1.1, ya 1500 kwa ampea 1.5. Tua seli zikiwa karibu volti 3.5. Betri isiyotumika siku mbili tatu irudishe volti 3.80 hadi 3.85 kwa seli. Ukiiacha imejaa ndani ya nyumba ya mabati, joto la mchana la Kisumu litaivimbisha, na iliyovimba sana hairudishwi kazini.

Je, Nakuru inahitaji mota kubwa zaidi?

Swali hili huulizwa sana kwa sababu Nakuru iko mita kama 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama 1,130, na Eldoret karibu 2,100. Hewa ikiwa nyepesi, propela ina kidogo cha kushika. Kwa hesabu ya angahewa sanifu, msongamano wa hewa ya Kisumu ni pungufu kwa asilimia kama 10 ukilinganisha na Mombasa, Nakuru asilimia kama 17, Eldoret kama 19. Jua la mchana huongeza upungufu huo. Msukumo kwa mizunguko ileile hupungua kwa kiasi hichohicho, ilhali majedwali ya msukumo ya watengenezaji kwa kawaida hupimwa mahali pa chini.

Jibu ni hapana, usibadilishe mota. Mota nne za 2207 (saizi tunayoieleza hapa chini) zenye msukumo wa gramu 1,400 kila moja zinatoa kilo 5.6 kwa droni ya gramu 550. Toa asilimia 17, bado una kilo 4.6. Utakachohisi ni droni kuteleza zaidi kwenye kona na kuzama zaidi unapoidaka baada ya kushuka. Hilo hurekebishwa na propela, kipuri cha bei ndogo kuliko vyote. Pale ambapo mtu wa pwani angetumia propela ya mwinuko (pitch) wa inchi 4.3, yaani umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja, wa Nakuru anaweza kupanda hadi 4.6 au 4.9, kwa kuwa hewa nyepesi haiilemei mota sana. Kipimo ni kidole: tua, gusa mota. Ukishindwa kuacha kidole juu yake kwa sekunde tatu, rudi kwenye mwinuko mdogo, au angalia mipangilio ya PID (namba zinazoamua bodi isahihishe mwendo kwa ukali gani) na vichujio kabla ya kulaumu hewa.

Mota, fremu, na bolti iliyozidi milimita moja

2207 maana yake stata, sehemu ya ndani ya mota isiyozunguka, ina kipenyo cha milimita 22 na urefu wa 7. 2306 ni 23 kwa 6. Mjadala wa ipi bora ni mrefu, nasi hatuutilii maanani: kwa anayeanza tofauti haipo mkononi. Nunua ile unayoweza kuipata tano kwa mpigo, KV moja, toleo moja. Ya tano ni akiba. Kuchanganya mota za KV tofauti kwenye droni moja kunaifanya bodi ipigane na mtetemo ambao haukupaswa kuwepo.

Mota hizi zote mbili kwa kawaida hufungwa kwa matundu manne ya M3 ya mpangilio wa 16 × 16, yaani milimita 16 kati ya matundu yanayotazamana, na ekseli yake ni ya milimita 5 yenye nati ya M5. Ukiona fremu imeandikwa matundu ya 12 × 12 au 9 × 9, hiyo ni ya mota ndogo kuliko hizi. Hapo hakuna kulazimisha.

Urefu wa bolti ndio unaoua mota mpya kimyakimya. Mkono wa fremu wa milimita 5 unahitaji bolti ya M3 × 8: milimita 5 zinapita kwenye kaboni na 3 zinaingia kwenye mota. Ukitumia bolti hiyohiyo kwenye mkono wa milimita 4 bila washa (pete ya chuma), ncha yake inaweza kugusa waya wa shaba na kukwangua vanishi. Mota itazunguka vizuri mezani, kisha ipige shoti angani. Kabla ya kuwasha chochote, weka multimita kwenye mlio, shika waya mmoja wa mota na bolti yake: kusiwe na mlio. Rudia kwa zote nne.

Kwa fremu, ulinganisho ni kati ya ile iliyokatwa kipande kimoja na ile yenye mikono inayobadilishwa. Ya kipande kimoja ni nyepesi na ngumu zaidi, na wanaoshindania nafasi ya kwanza wana sababu ya kuipenda. Mkono wake mmoja ukivunjika, umepoteza bamba zima na kuhamisha kila kitu. Chukua yenye mikono ya kubadilisha, unene usiopungua milimita 5, na uagize mikono miwili ya akiba pamoja na fremu yenyewe. Mikono ya fremu nyingine haitaingia hata ikiwa zote zimeandikwa inchi 5. Ardhi ya huku haina huruma: udongo mweusi wa tambarare ya Kano ukikauka ni saruji, na viwanja vya Nakuru vina changarawe ya volkano na vumbi lenye chembe za chuma linalorukia sumaku za mota na kukaa humo. Weka kipande cha turubai cha kurukia, na upulize mota kabla ya kila betri.

Propela nunua pakiti kumi, si mbili. Kila pakiti ya propela nne ina mbili za kuzunguka kulia na mbili za kushoto, nawe utavunja za upande mmoja kwanza.

Bodi: moja iliyounganishwa au mbili zilizopandanishwa

Droni ina bodi mbili za maana. FC ndiyo yenye kihisi cha mwendo na programu ya Betaflight. ESC ndiyo inayogawa umeme wa betri kwa mota nne. Zinauzwa kwa namna mbili: zote kwenye bodi moja, mtindo uitwao AIO, au mbili zilizopandanishwa kwa bolti ndefu.

AIO ni nyepesi na haina waya wa kuunganisha, hivyo haina mahali pa kukosea waya huo. Kwa droni za inchi 3 tungeichagua. Kwenye inchi 5 mota huanguka kwa nguvu, waya huvutwa, na transista moja ya kona ikiungua unatupa FC nzima pamoja nayo. Bodi mbili zinakuruhusu kubadilisha iliyokufa peke yake. Kwa mtu anayesubiri mzigo kwa wiki tatu, hiyo inatosha kuamua.

Kisha saizi. Bodi za 30.5 × 30.5 hutumia bolti za M3, na vibati vyake vya solda ni vipana. Za 20 × 20 ni nyepesi, lakini vibati vimesongamana kiasi kwamba tone moja la solda linaweza kuunganisha viwili. Fremu nyingi za inchi 5 zina matundu ya zote mbili. Soma maelezo, usikisie kwa picha. AIO ndogo zina mpangilio wa tatu, 25.5 × 25.5 uliogeuzwa nyuzi 45, nao hauingii kwenye matundu ya hizi mbili. Mwanzo mzuri ni 30.5.

Hapa ndipo vipuri vizuri huuana. FC na ESC huunganishwa kwa waya wenye plagi ya pini nane: betri, hasi, mota nne, kipima mkondo na telemetria. Plagi zinafanana kwa umbo, lakini mpangilio wa pini haufanani kati ya watengenezaji, na wakati mwingine hata kati ya bodi mbili za mtengenezaji mmoja. Ukichomeka waya uliokuja na ESC kwenye FC ya kampuni nyingine, volti 25 zinaweza kuingia kwenye pini ya mawimbi na FC ikafa kabla hujaona moshi. Nunua bodi mbili zilizouzwa kama seti moja. Ikiwa huna budi kuchanganya, weka michoro ya zote mbili mezani, chomoa pini kutoka kwenye plagi kwa ncha ya sindano, uzipange upya, na upime kwa multimita pini ya betri na hasi kabla FC haijaguswa.

Uwezo wa ESC uwe ampea 45 hadi 60, na iandikwe wazi kuwa inakubali 6S. Iliyoandikwa 2–4S haivumilii. Kuhusu programu ya ndani: BLHeli_32 ilikuwa chaguo la ghali, lakini mradi wake ulifungwa mwaka 2024, hivyo usiilipie zaidi leo. AM32 ni ya wazi na inaendelea kuboreshwa. BLHeli_S ya bei nafuu inafaa kabisa ukiipakia Bluejay, ambayo ni ya bure na huwezesha FC kusoma kasi ya kila mota ili kichujio cha RPM (mizunguko kwa dakika), kinachoondoa mtetemo wa mota, kifanye kazi. Ukipakia, hakikisha jina la modeli ya bodi linalingana na lililosomwa na programu. Toleo la bodi nyingine linaweza kuiharibu.

FC yenye chipu ya F405 inatosha, F722 ni nzuri, H743 ni zaidi ya unachohitaji. Epuka F411, kwani milango yake ya UART, ya kuunganishia vifaa vingine, ni michache na nguvu zake zimefika kikomo. Unahitaji UART moja ya risiva, moja ya kirusha picha, na ya tatu kama akiba.

Kapasita si pambo. Ilehemu kwenye vibati vya betri vya ESC, miguu ikiwa mifupi iwezekanavyo: mikrofaradi 470 hadi 1000, ya volti 35 angalau kwa 6S, na 50 ni salama zaidi. Ya volti 25 haiwezi kuwekwa kwenye 6S, kwa kuwa betri iliyojaa tayari ni 25.2. Kapasita yenye miguu mirefu, au inayokosekana, huleta mistari kwenye picha na mitetemo ambayo watu hutafuta kwa wiki ndani ya mipangilio.

Na pasi ya kuchomea solda ya wati 30 inayouzwa kwa mafundi wa redio haitoshi kwa waya mnene wa XT60. Shaba hunyonya joto lote na solda hubaki baridi. Tafuta ya wati 60 au zaidi, ncha pana, na solda yenye risasi ya 63/37 au 60/40.

Redio

Hapa hakuna mjadala mrefu. ExpressLRS ya gigahezi 2.4, mfumo wa mawasiliano kati ya rimoti na droni, ina risiva ndogo sana za bei ya chini, masafa zaidi ya unavyohitaji, na watengenezaji wengi wanaooana wao kwa wao. Redio za FlySky na FrSky za zamani zinaruka vizuri, lakini kila familia inataka risiva zake, na ukipoteza moja unarudi kwa muuzaji yuleyule. Ukiwa na rimoti ya zamani yenye nafasi ya moduli nyuma, nunua moduli ya ExpressLRS badala ya rimoti mpya.

Mtego ni matoleo: toleo la 2 na la 3 havisikilizani. Rimoti na risiva ziwe za toleo kuu moja na neno moja la kuunganishia. Kwenye solda, TX (inayotuma) ya risiva huenda kwa RX (inayopokea) ya FC, na RX huenda kwa TX. Ukizifananisha majina, taa ya risiva itaonyesha imeungana na rimoti lakini Betaflight haitaona kitu.

Picha: hapa ndipo pesa zinaenda

Miwani ndiyo inayoamua, kwa kuwa ndiyo ghali na ndiyo utakayobaki nayo baada ya droni tatu kuvunjika. Miwani ya analogi hupokea kirusha picha chochote cha analogi cha gigahezi 5.8. Za dijitali hazichanganyiki, kila kampuni ina mfumo wake: miwani ya DJI haioni Walksnail, wala Walksnail haioni HDZero.

Analogi ina picha ya chenga, lakini haicheleweshi sana, kirusha picha chake ni cha bei ndogo, na droni yako inaweza kutazamwa na mwenzako anayekusubiri kwenye mstari. Ukipotea, picha hufifia polepole na unajua kurudi. O3, kirusha picha cha dijitali cha DJI, ina picha safi unayoweza kuhesabu matawi, na kwa wanaopenda kurekodi hakuna mjadala. Lakini ni ghali, inachelewesha picha kwa karibu sehemu 30 za elfu za sekunde hata ikiwekwa vizuri, na kuigonganisha na lango la mbio ni hasara kubwa kuliko mota nne. HDZero iko katikati: dijitali iliyobuniwa kwa mbio, ucheleweshaji mdogo na thabiti, na inatumia chaneli zilezile za Raceband, mpangilio wa chaneli za mbio unaotumiwa na analogi. Ubaya wake hapa ni kwamba utakuwa peke yako. Hakuna wa kukuazima.

Uamuzi wetu ni analogi kwa droni ya kwanza, isipokuwa tayari una miwani ya dijitali. Katika droni za kujifunza, kirusha picha huhesabiwa pamoja na vitu vinavyovunjika.

Mkirusha wanne kwa analogi, gawaneni chaneli za Raceband 1, 3, 6 na 8, kila mtu kwa miliwati 25. Anayewasha miliwati 600 karibu na wenzake anawapofusha wote. Nunua kirusha picha kinachopokea amri za SmartAudio au Tramp kutoka FC, ili ubadilishe chaneli bila kubonyeza kitufe kidogo kilichofichwa na kaboni.

Antena zina mitego miwili. Mzunguko wa kulia huandikwa RHCP, wa kushoto LHCP; pande zote mbili ziwe sawa. Na SMA hufungika vizuri kabisa kwenye RP-SMA bila pini ya katikati kugusana. Kwa macho imekaza, kwa umeme haipo, na kirusha picha kinachowashwa bila antena huungua. Tazama ndani kwa tochi: upande mmoja uwe na sindano, mwingine tundu.

Kamera ya analogi ya upana wa milimita 19 inaingia kwenye fremu nyingi. Ya O3 inahitaji 20, na kitengo chake kinahitaji nafasi nyuma ya bodi ambayo fremu nyembamba za mbio hazina. Kilishe kutoka kwenye volti 9 za FC, si moja kwa moja kwenye betri ya 6S, ambako mota zinapofunga breki volti huruka juu. Ukisubiri mstarini kwenye jua la Kisumu bila upepo wa kukipoza, kitachemka. Washa hali ya nguvu ndogo ya wakati ambapo mota bado zimefungwa kwa swichi.

Seti tunayoweza kuiweka mezani

Fremu ya inchi 5 yenye mikono ya kubadilisha ya milimita 5. Mota tano za 2207 au 2306 za KV 1750. Seti ya FC ya F405 na ESC ya ampea 50 ya 30.5 inayokubali 6S. Kapasita ya mikrofaradi 1000, volti 50. Risiva ya ExpressLRS 2.4, kirusha picha cha analogi chenye SmartAudio, kamera ya 19 na antena mbili za RHCP, betri nne za 6S mAh 1100 zenye XT60, au 4S 1500 za kuanzia. Mwenye miwani ya dijitali abadilishe kirusha picha, kamera na fremu tu. Mengine yanabaki vilevile.

Kabla ya kuagiza na kabla ya kuwasha

Droni nchini Kenya zinasimamiwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, chini ya kanuni za 2020: droni husajiliwa, mwenyewe awe na miaka 18 au zaidi, uingizaji nchini unataka kibali, na hairuhusiwi kupita futi 400 juu ya ardhi. Omba kibali kabla ya kulipia mzigo, si unapozuiliwa forodhani. Viwanja vikubwa vya ndege vina duara la marufuku la kilomita 10, na uwanja wa Kisumu uko karibu na mji kiasi kwamba sehemu kubwa ya mji imo ndani yake. Nakuru angalia mipaka ya hifadhi ya ziwa, iliyo chini ya KWS, shirika la wanyamapori, pamoja na maeneo ya kijeshi ya Lanet. Kwa kuwa miwani inakufunika macho, simama na mtu anayeitazama droni yenyewe muda wote.

Umeme wa kwanza usitoke kwenye betri moja kwa moja. Tengeneza kizuia moshi: waya chanya wa plagi mbili za XT60 ukatwe na katikati uwekwe balbu. Kwa 4S, balbu ya indiketa ya volti 12, wati 21 inatosha. Kwa 6S weka mbili mfululizo, au nunua moja ya volti 24 kwenye duka la spea za malori. Ondoa propela zote, na usiunganishe bado kirusha picha cha dijitali, kwani mkondo wake pekee unaweza kuiwasha balbu. Chomeka. Balbu ikimulika mara moja kapasita inapojaa kisha ikazima, endelea. Ikiwaka na kubaki inawaka, chomoa, kisha tafuta shoti kwanza kwenye vibati vya XT60, pili kwenye bolti za mota, tatu pale ambapo waya umebanwa na kaboni.

Kizuia moshi kikitoa ruhusa, zungusha mota moja moja kutoka kwenye kompyuta, hakikisha namba na mwelekeo wa kila moja vinalingana na mchoro wa Betaflight, na ujaribu kuzima kwa swichi ya rimoti na pia kwa kuzima rimoti yenyewe. Propela huwekwa baada ya hapo, ukiwa nje.